Uzi: Kumtambua mfinyanzi wa sahani za buluu za enzi ya Malkia Victoria, na kwa nini jina la mgongoni halitoshi

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nakusanya vyombo vya udongo vya Kiingereza vilivyochapwa picha, hasa vya kati ya 1837 na 1901, ambayo ni miaka ya utawala wa Malkia Victoria. Ninaishi mwendo wa saa moja hivi kwa treni kutoka Stoke-on-Trent, penye ile miji sita ya Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton na Longton iliyounganishwa kuwa halmashauri moja mwaka 1910, nayo ndiyo iliyokuwa moyo wa ufinyanzi wa Uingereza. Nimeona watu kadhaa wakiuliza humu, kila mmoja kwa wakati wake, sahani aliyonayo ni ya nani, na mara nyingi wamejibiwa kwa kutegemea neno moja tu lililosomwa mgongoni mwa sahani. Uzi huu nauandika kupinga desturi hiyo. Jina la mgongoni lisipokelewe kabla ya kulinganishwa na udongo wenyewe, na picha ilivyokatwa na kuunganishwa, na alama nyingine zote zilizopo, hata zile ndogo ambazo jicho la haraka huzipita.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kukusanya, nilinunua kombe moja kubwa kwenye soko la Jumapili la vitu vilivyotumika. Neno kombe nalitumia kwa maana yake ya kale ya sahani kubwa ya kupakulia. Lilikuwa la rangi ya buluu iliyofifia, lenye ndege wa mikia mirefu juu ya maua makubwa, na mgongoni palichapwa maneno WEDGWOOD & CO. Muuzaji aliniambia kuwa ni kazi ya kiwanda cha Josiah Wedgwood, nami nikamwamini, nikalipa pauni 60. Nilipofika nyumbani na kuanza kusoma, niligundua kuwa kiwanda cha Etruria, alichokifungua Josiah Wedgwood mwaka 1769, kilikuwa na desturi ya kugandamiza neno WEDGWOOD peke yake kwenye udongo ukiwa bado mbichi, bila ya "& Co". Wedgwood & Co ilikuwa kampuni nyingine kabisa, ya mjini Tunstall, chini ya Enoch Wedgwood, ambaye alikuwa na undugu wa mbali tu na Josiah. Haikuwa kampuni ya ulaghai. Ilikuwa na haki ya jina lake na vyombo vyake vilikuwa vizuri. Kosa lilikuwa langu la kusoma nusu ya alama.

Wapo waliolitumia jina hilo bila haki. William Smith na wenzake wa Stockton-on-Tees, kaskazini mashariki mwa Uingereza, walikuwa wakigandamiza neno WEDGEWOOD, lenye herufi E katikati, kwenye vyombo vyao, mpaka mwaka 1848 mahakama ilipowazuia baada ya kushitakiwa na kampuni ya Etruria. Kwa hiyo mtu akikuonyesha sahani yenye E hiyo ya katikati, hana Wedgwood mkononi, ila ana kipande cha historia ya kesi hiyo, na mimi binafsi ningefurahi kuwa nacho.

Turudi kwenye kombe langu. Mchoro wake huitwa Asiatic Pheasants, na nimeuchagua uwe mfano wa uzi huu kwa sababu ndio unaopoteza watu wengi zaidi. Ulianza kuchapwa mwishoni mwa miaka ya 1830, na kufikia katikati ya karne ulikuwa umependwa kiasi cha kushindana na ule mchoro maarufu wa mti wa Kichina, daraja na njiwa wawili, uitwao Willow. Mgongoni huwa na kifremu cha maua kilichoandikwa jina la mchoro, na chini yake, kama umebahatika, zipo herufi za mwanzo za majina ya mfinyanzi. Wafinyanzi wengi sana waliuchapa, huko Staffordshire, Scotland, Wales na kaskazini mashariki: Podmore, Walker & Co wa Tunstall ambao mara nyingi husemwa kuwa ndio waasisi wake, John Meir & Son na Edge, Malkin & Co katika miji hiyohiyo, kiwanda cha Llanelly kusini mwa Wales, na wengine wengi. Podmore, Walker waliweka herufi P.W. & Co; Enoch Wedgwood alipokuwa mshirika wao, zikaonekana pia P.W. & W.; na kuanzia 1860 hivi kampuni ikaitwa Wedgwood & Co. Kumbe alama tatu tofauti zaweza kuwa za nyumba moja, na mchoro mmoja waweza kuwa wa nyumba nyingi zisizojuana. Maneno "Asiatic Pheasants" hayakutajii mfinyanzi hata kidogo, kama vile neno "kanga" lisivyokutajia kiwanda kilichoichapa kanga yenyewe.

Kabla ya kuzungumzia alama, nieleze kazi ilivyofanyika, maana asiyeijua kazi hawezi kuyasoma mabaki yake.

Udongo wa Staffordshire wenyewe haukuwa mweupe. Waliagiza udongo mweupe kutoka Cornwall na udongo laini wa kufinyangika kutoka Devon na Dorset, wakachanganya na mawe ya gumegume yaliyochomwa na kusagwa, na walichokuwa nacho karibu ni makaa ya mawe, ambayo tanuri lilikula kwa wingi kuliko udongo. Mfereji wa Trent na Mersey, uliokamilika mwaka 1777, ndio uliozileta malighafi hizo na kuvipeleka vyombo hadi bandari ya Liverpool bila kuvunjika njiani. Chombo kilifinyangwa, kikakaushwa, kikachomwa mara ya kwanza, kikatoka kikiwa kigumu, cheupe na chenye kufyonza maji. Hapo ndipo picha ilipotiwa.

Mchongaji alikuwa amekwisha kuchonga mchoro wote kwenye bamba la shaba nyekundu kwa mistari na nukta, akizama zaidi pale palipotakiwa rangi nzito. Mchapaji alilipasha bamba moto, akalijaza rangi nzito ya mafuta iliyochanganywa na kobalti, akalifuta juu ili rangi ibaki ndani ya michongo tu, akaliwekea karatasi nyembamba ya shashi iliyopakwa maji ya sabuni, kisha akavipitisha vyote kwenye mashine ya kukandamiza. Karatasi ilipobanduliwa ilikuwa imeibeba picha. Msichana akaipokea na kuikata kwa mkasi, mapambo ya pindo mbali na picha ya katikati mbali, na wanawake wakaipanga juu ya sahani, wakaisugua kwa brashi ngumu mpaka rangi ikashika kwenye udongo ule wenye kiu, halafu wakaiosha karatasi kwa maji. Sahani ilipashwa moto tena ili mafuta yaungue, ikachovywa kwenye glezi, yaani maji mazito ya madini ambayo yakichomwa hugeuka kioo, kisha ikaingia tanurini kwa mara ya mwisho. Picha ikabaki chini ya kioo, na ndiyo maana miaka 170 ya visu na vijiko haijaifuta.

Njia hiyo ya kuchapa chini ya glezi kwenye vyombo vya udongo ilikamilishwa na Josiah Spode wa Stoke karibu na mwaka 1784. Kabla yake, John Sadler na Guy Green wa Liverpool walikuwa wakichapa juu ya glezi, na mwaka 1756 walitoa kiapo kuwa kwa saa sita walikuwa wamechapa vigae zaidi ya 1,200. Sababu ya vyombo vya mwanzo kuwa vya buluu karibu vyote ni kwamba kobalti ndiyo rangi iliyostahimili moto wa glezi bila kuharibika. Kahawia, kijani, waridi na zambarau zilienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1820, baada ya mafundi kupata madini mengine yanayovumilia.

Naomba msiwapite haraka wale wanawake na msichana mwenye mkasi. Samuel Scriven, aliyetumwa na serikali kuchunguza kazi za watoto katika viwanda hivi, alizunguka huko mwaka 1841 na kuandika maelezo ya watoto wenyewe, na miongoni mwao walikuwamo wasichana wakataji wa karatasi. Wachovyaji wa glezi waliumwa kwa sumu ya risasi, na vumbi la gumegume liliharibu mapafu ya wengine. Wafanyakazi wengi walihesabiwa ujira wao kwa vyombo vilivyotoka tanurini vikiwa vizima tu, hata kama aliyeviharibu ni mchomaji na si wao, na dhuluma hiyo ilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyouleta mgomo mkubwa wa 1836. Ndiyo maana mara nyingi utakuta mgongoni nukta, nyota au namba ndogo isiyohusiana na jina la kiwanda. Mara nyingi hiyo ni alama ya mfanyakazi au ya kikundi chake, ili kazi yake ihesabiwe. Mimi huipiga picha kila ninapoikuta, kwa sababu katika sahani nzima hiyo ndiyo alama pekee iliyowekwa kwa ajili ya aliyeishika kwa mikono yake.

Sasa alama zenyewe. Nitataja zile zilizonisaidia zaidi.

Tazama kwanza kama pana ngao ya kifalme. Ngao ya kabla ya 1837 ina kingao kidogo katikati, kinachowakilisha Hanover. Victoria aliporithi kiti, sheria ya Hanover haikumruhusu mwanamke kutawala huko, falme hizo mbili zikatengana, na kingao kile kikaondolewa. Kwa hiyo ngao isiyo na kingao katikati ni ya 1837 au baadaye. Neno "England" likiwa limeandikwa peke yake, kwa kawaida chombo ni cha 1891 au baadaye, kwa kuwa sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa zitajwe nchi zilikotoka. Na "Made in England" mara nyingi ni ya karne ya 20. Neno "Limited" au kifupi chake likifuata jina la kampuni, mara nyingi uko katika miaka ya 1880 au mbele yake. Davenport wa Longport waligandamiza nanga, na katika miaka mingi waliweka tarakimu mbili za mwisho za mwaka pande mbili za nanga hiyo, jambo ambalo ni zawadi kwa mkusanyaji. Minton walikuwa na alama ndogo ya kila mwaka kuanzia 1842, na Wedgwood wa Etruria walianza herufi tatu za tarehe mwaka 1860.

Alama ninayoipenda kuliko zote ni umbo la almasi, lakini nitaisubirisha mpaka mtu alete sahani yenye umbo hilo, maana hueleweka vizuri mtu akiwa nayo mkononi.

Karibuni kwa maswali, na kwa masahihisho pia.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa maelezo, lakini nina pingamizi. Mimi hukusanya Spode, na sahani nyingi za mwanzo za Spode hazina alama yoyote mgongoni. Hata hivyo tunazitambua kwa mchoro. Ukiniwekea pindo la mchoro wa Italian, ulioanza 1816, na magofu yake ya kale na mto wake katikati, nitakuambia ni wa nani bila kuigeuza sahani. Je, huoni kuwa umeudharau mchoro?

Mleta mada

Pingamizi lako ni la haki, na nakubali kuwa niliyaandika maneno yangu kwa ukali uliozidi. Mchoro ni ushahidi, na kwa Spode ni ushahidi mzito, kwa sababu mabamba mengi ya shaba ya kiwanda kile yamehifadhiwa, na mtu anaweza kulinganisha mstari kwa mstari. Ninachokikataa ni mchoro kwa jumla yake, yaani kusema "hii ni Italian" au "hii ni Willow" na kuishia hapo. Michoro iliyopendwa iliigwa, na hata mabamba yenyewe yaliuzwa viwanda vilipofilisika au kufungwa, yakachapwa na watu wengine chini ya jina jipya au bila jina. Kinachomtaja mfinyanzi ni namna bamba lake lilivyochongwa: majani mangapi kwenye tawi lile, ndege ametazama wapi, kivuli cha ukuta kimejazwa kwa mistari au kwa nukta.

Niongeze jambo moja la sheria, kwa kuwa linawahusu wote wanaokusanya enzi ya Victoria. Mpaka miaka ya mwanzo ya 1840, wachongaji wa Staffordshire walinakili bila woga picha za vitabu vya safari na vya majumba ya kifahari, na ndiyo maana sahani za miaka ya 1820 zina mahali halisi panapotambulika. Sheria ya haki za michoro ya mwaka 1842 iliufanya unakili huo uwe wa hatari. Baada ya hapo michoro ikajaa milima isiyo na jina, maziwa, mahekalu na maua ya kubuni, na majina yenye sauti nzuri yasiyohusiana na mahali popote. Kwa hiyo mtu akikuta sahani ya miaka ya 1850 iliyopewa jina la mji, asipoteze muda kuutafuta mnara ule kwenye ramani. Watu wengi wanaidharau michoro hiyo ya kubuni. Mimi sikubaliani nao, kwa maana mchongaji aliyenyimwa kitabu cha kunakili ilimbidi atunge mwenyewe, na baadhi yao walitunga vizuri sana.

Mchangiaji wa tatu, Lamu

Ndugu mleta mada, salaam aleikum. Nimefurahi kuona umelitumia neno kombe. Nyumbani kwetu kuna sahani kubwa mbili na bakuli moja ambazo zilikuwa zikikaa kwenye zidaka za ndani tangu wakati wa wazee wa wazee wetu. Bakuli lina alama ya mnyama mwenye kichwa cha mtu aliyelala, na maandishi Petrus Regout, Maastricht. Sahani moja haina alama, ina maua ya buluu yaliyotawanyika kama wino ulioanguka majini. Hiyo ya maua ndiyo mwalimu alikuwa akiandikia kombe, yaani aya za Kurani, kwa zafarani na maji ya waridi, watu wakanywa. Nauliza mambo mawili: je, hizi ni za Kiingereza, na je, ni salama kuendelea kuandikia kombe?

Mleta mada

Waleikum salaam, ndugu yangu. Nianze na swali la pili kwa kuwa linahusu afya za watu. Tafadhali msinywe tena kutoka kwenye sahani hiyo. Glezi za karne ya 19 zilitengenezwa kwa risasi, na sahani iliyotumika miaka mingi huwa na nyufa nyembamba kama utando wa buibui, ambamo maji hupenya na kuufikia udongo wenye kufyonza. Kile kinachonyonywa kwenye nyufa hizo hakitoki kwa kuosha, na risasi yaweza kuingia katika kinywaji. Kombe liandikwe kwenye sahani mpya nyeupe ya kauri, na ile ya kale irudi kidakani ikae kwa heshima yake. Wala msiisafishe kwa dawa ya klorini ya kufulia. Hula glezi, na madhara yake yakionekana huwa yamekwisha kuchelewa. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini vinatosha.

Bakuli lako si la Kiingereza, ila ni binamu wa karibu. Petrus Regout alianzisha ufinyanzi wake mjini Maastricht, Uholanzi, katika miaka ya 1830, na alifuata njia za Staffordshire za kuchapa kwa mabamba ya shaba. Mnyama uliyemtaja ni sphinx, ambaye aliingia kwenye alama za kiwanda kuelekea mwisho wa karne, na mwaka 1899 kampuni yenyewe ikapewa jina la De Sphinx. Vyombo vya Maastricht vilifika kwa wingi katika pwani yetu, na vipande vyake huokotwa mpaka leo kwenye maeneo ya kale ya Unguja na Pemba, pamoja na vya Kiingereza. Tazama kama limechapwa kwa bamba au kwa muhuri wa sponji. La sponji huwa na umbo lilelile dogo lililorudiwa kuzunguka bakuli, na kingo za umbo hilo ni nene na zenye vitundu. Mengi ya mabakuli yaliyouzwa kwetu yalikuwa ya namna hiyo, kwa kuwa yaligharimu kidogo.

Sahani ya maua yaliyotawanyika inanivutia zaidi. Wakusanyaji wa Kiingereza wana jina maalumu la vyombo hivyo, flow blue, maana yake ni buluu iliyotiririka. Kuanzia miaka ya 1830 na 1840, mafundi waliweka kemikali ndani ya kasha la udongo lililobeba sahani tanurini, kama vile chumvi ya amonia, na mvuke wake uliifanya kobalti ivuje kutoka kwenye mistari na kuingia katika glezi. Wengine husema ilianza kwa bahati mbaya. Vyovyote iwavyo, ilipendwa sana, hasa Marekani. Kwa mkusanyaji ina ugumu wake, kwa kuwa kuvuja kulekule kunaficha mistari ya mchongaji na mara nyingine huzifuta hata herufi za alama. Usikate tamaa kwa kuwa umesema haina alama. Igeuze penye mwanga wa jua, iinamishe, upitishe kidole taratibu: alama ya kugandamizwa mara nyingi hujaa glezi na haionekani mpaka mwanga uje kwa upande.

Mchangiaji wa nne

Naomba kuuliza kuhusu bandia. Nimeona mtandaoni sahani nyingi za buluu zenye ngao kubwa mgongoni na neno Ironstone, na bei zake ni nafuu mno. Nitajuaje kama ni za kweli?

Mleta mada

Swali hili ni muhimu, ndugu. Ironstone ni udongo mgumu na mzito ambao Charles James Mason aliupatia hataza mwaka 1813, na neno hilo likaja kutumiwa na viwanda vingi, kwa hiyo lenyewe halimtaji mtu wala halithibitishi umri. Chukua lenzi ya kukuzia mara kumi. Picha iliyotoka kwenye bamba la shaba ni mistari na nukta za ukubwa unaotofautiana, na pale palipochongwa kwa kina rangi imejikusanya. Picha za kisasa za kubandika huwa na vinukta vilivyopangwa sawasawa kama picha ya gazeti, au rangi bapa isiyo na kina.

Halafu tafuta mshono. Karatasi ya pindo ilikatwa kwa mkasi na kuzungushwa kwa mkono, na mwisho wake mara nyingi haukukutana vizuri na mwanzo wake: ua limekatwa nusu, jani limepandana na jani, au kumeachwa upenyo mweupe kama unene wa kucha. Wanaoanza kukusanya huliona hilo kuwa ila. Mimi hulitafuta kabla ya kitu kingine chochote, na sahani ya pindo lisilo na mshono hata mmoja hunitia shaka. Angalia pia alama za vigingi vilivyozitenganisha sahani tanurini zisigandane. Ni vidoa vidogo vitatu, au makundi matatu ya vidoa, vikwaruzavyo kidole. Mwisho, chunguza uchakavu. Sahani iliyotumika karne nzima imechakaa pale inapogusa meza, bila mpangilio, na mikwaruzo ya visu imeelekea kila upande. Uchafu wa kahawia uliopakwa sawasawa mgongo mzima ni rangi ya juzi.

Sisemi kuwa vipya vyote ni bandia. Kiwanda cha Middleport kule Burslem, kilichojengwa na Burgess & Leigh mwaka 1888 na 1889, kinaendelea mpaka leo kuchapa kwa karatasi ya shashi, na mchoro wa Asiatic Pheasants ni miongoni mwa kazi zake. Pindo la sahani zake hukatwa kwa mkasi na lina mshono halali kabisa. Ni vyombo vya kweli vya sasa, vyenye alama ya sasa, na mtu anayetaka kuielewa kazi hii kwa mikono yake aanze na kimoja kati ya hivyo.

Mchangiaji wa tano

Mleta mada, umesema umbo la almasi unalisubirisha. Ninayo sahani ya kahawia niliyoachiwa na jirani yangu Mwingereza alipohama. Mgongoni kuna almasi, juu yake duara lenye IV, na ndani, chini kidogo ya duara, kuna herufi Z. Pembe nyingine zimefifia. Jina la mfinyanzi halipo.

Mleta mada

Hongera kwa sahani hiyo. Almasi ile ni alama ya kusajili mchoro serikalini, na ilitumika kuanzia 1842 mpaka 1883. IV ni daraja la vyombo vya udongo na kauri. Kuna mipangilio miwili. Katika ule wa kwanza, wa 1842 hadi 1867, pembe ya juu ina herufi ya mwaka, kushoto ni mwezi, kulia ni siku, na chini ni namba ya furushi, yaani ya kundi la michoro iliyosajiliwa pamoja siku ile. Katika wa pili, wa 1868 hadi 1883, juu kuna siku, kulia mwaka, chini mwezi, na kushoto furushi. Ukiona herufi pembe ya juu, uko kabla ya 1868; ukiona tarakimu hapo, uko baada yake. Herufi za miaka hazikufuata mpangilio wa alfabeti, kwa hiyo lazima uwe na jedwali: X ni 1842, H ni 1843, C ni 1844, na kuendelea. Z yako ni 1860. Kuanzia 1884 almasi iliachwa, ikaja namba yenye Rd No mbele yake, iliyoanzia moja.

Angalia mambo mawili kabla ya kuandika "1860" kwenye daftari lako. Mwaka ule ni wa kusajiliwa kwa mchoro au umbo, wala si wa kutengenezwa kwa sahani. Ulinzi wa vyombo vya udongo ulidumu miaka mitatu, lakini mabamba yaliendelea kuchapa almasi ileile baada ya hapo. Tena yawezekana kilichosajiliwa ni umbo la sahani na si picha. Almasi ikiwa imegandamizwa udongoni badala ya kuchapwa kwa rangi, hilo ndilo la kudhania kwanza.

Jina la mfinyanzi laweza kupatikana hata kama hakuliandika. Madaftari ya usajili yamehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, London, na humo kila mchoro una tarehe, namba ya furushi na jina la aliyeusajili. Ila mwaka peke yake hautoshi, kwa kuwa mwaka mmoja una michoro mingi. Tunahitaji siku na mwezi. Jaribu hivi: weka karatasi nyembamba juu ya almasi na usugue taratibu kwa penseli laini kama imegandamizwa; kama imechapwa, piga picha kwa simu mwanga ukitoka ubavuni, kisha ongeza ukali wa rangi kwenye picha hiyo. Herufi ya kushoto ndiyo ngumu zaidi kusoma, hasa kutofautisha E ya Mei na B ya Oktoba zinapokuwa zimefifia, kwa hiyo piga picha kadhaa.

Nikipata pembe hizo tatu, nitakwenda Kew mwenyewe mwezi ujao na kulitafuta jina.